Taarifa ya darasa mwishoni mwa muhula: wazazi waelezwe nini?

MzaziKisauni

Assalaam aleikum, na salamu kwa walimu na wazazi wote mlio hapa. Mimi ni mwakilishi wa wazazi wa gredi ya nne katika shule moja ya msingi ya umma huku Kisauni, Mombasa. Mwalimu wa darasa ameniomba tushirikiane kuandaa taarifa itakayosomwa katika kikao cha wazazi siku ya kufunga shule, ieleze yale ambayo watoto wamejifunza muhula huu na mafanikio waliyoyapata.

Mambo yaliyofanyika ni mengi. Katika Sayansi na Teknolojia watoto walipelekwa kwenye mikoko iliyo ukingoni mwa maji ya Tudor, wakajifunza kuitambua miti kwa mizizi yake: mkoko, ambao mizizi yake hutoka juu ya shina na kupinda hadi matopeni, na mchu, ambao hutokeza vijiti vya mizizi ya kupumulia kutoka ardhini. Walipanda miche ya mkoko, na waliporudi baada ya wiki kadhaa walikuta zaidi ya nusu yake imekufa. Katika Hisabati wameandika jedwali la saa za maji kujaa na kupwa. Katika Sayansi ya Jamii walizuru Fort Jesus. Wamelima mchicha na sukumawiki katika magunia nyuma ya darasa, na kila Ijumaa wamekuwa wakisomeana hadithi kwa sauti.

Wazazi, hata hivyo, wamegawanyika. Wengine wanasema wazi kwamba watoto wametembezwa muhula mzima, na kwamba wao wanataka kujua nani amekuwa wa kwanza na nani wa mwisho. Wengine wameridhika na picha zinazotumwa kwenye kikundi cha simu. Swali langu ni hili: taarifa ya namna hii yafaa ieleze nini, ili mzazi ayaone mafanikio ya darasa zima pasipo kutangaza nafasi za watoto? Na je, ile miche iliyokufa itajwe, au tuiache?

Mwalimu_Changamwe

Wa aleikum salaam, ndugu mzazi. Nimefundisha madarasa ya juu ya shule ya msingi tangu enzi za 8-4-4, mfumo wetu wa zamani wa elimu, na taarifa za namna hii nimeziandika nyingi na kuzisoma nyingi zaidi. Kasoro ninayoiona katika nyingi ni kwamba huorodhesha shughuli na kuziita mafanikio. Kuzuru Fort Jesus ni shughuli. Lakini mtoto akikueleza nyumbani, bila daftari, kwamba Wareno walianza kuijenga ngome ile mwaka 1593, kwamba Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 na wakaitwaa Desemba 1698, kisha akakokotoa mwenyewe kwamba mzingiro huo ulichukua takriban miezi 33, hapo umepata jambo la kuandika. Mtoto huyo ameonyesha kwamba amesikiliza, amekumbuka na amejua kuhesabu muda.

Kwa hiyo ningekushauri uzipitie shughuli zote pamoja na mwalimu wa darasa na kuuliza juu ya kila moja: watoto wanaweza kufanya nini leo ambacho hawakukiweza shule ilipofunguliwa, na ni kazi gani ya mkono wao tutakayoiweka mezani ili mzazi ahakikishe? Shughuli isiyopata jibu itajwe kwa sentensi moja tu na ipitwe. Sioni ubaya wowote katika hilo. Si kila matembezi huzaa ujuzi.

Jedwali la maji ndilo ambalo ningelipa nafasi kubwa. Hapa kwetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku nyakati hizo huchelewa kwa wastani wa kiasi cha dakika 50 kuliko jana yake. Mtoto akiambiwa kwamba leo maji yamejaa saa nne na dakika kumi asubuhi, akasema kesho yatajaa yapata saa tano kamili, amejumlisha saa na dakika na kuvuka saa nzima, jambo linalowatatiza watoto wengi wa umri huo. Akiendelea kuandika kwa mwezi mzima, ataona kwamba bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa sana, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kwamba maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, huja kati ya nyakati hizo mbili. Wale wanaofuata tarehe za mwezi wa Kiislamu huligundua hili upesi kuliko wenzao, na nimeona jinsi wanavyofurahi wakigundua kwamba hesabu ya mwezi wanayoijua nyumbani inaeleza bahari wanayoiona kila siku. Jedwali hilo moja lina Hisabati, Sayansi na maarifa ya wavuvi wetu, kwa hiyo libandikwe ukutani siku ya kikao, na watoto watatu au wanne, wasiochaguliwa kwa sababu ya uhodari wao, walisome mbele ya wazazi.

Miche iliyokufa itajwe, tena kwa kirefu. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti mama, kisha huanguka ikiwa tayari ni mche mrefu, na kwa sababu hiyo watu hudhani inatosha kuuchomeka popote penye tope. Ukweli ni kwamba kila aina ina mahali pake. Kwenye ukingo unaokabili bahari, ambako mawimbi hupiga na maji hukaa kwa muda mrefu, mti wa kawaida ni mlilana. Mkoko hustawi nyuma yake. Huenda watoto walipanda chini mno, na huenda pia kaa waliishambulia miche ingali michanga. Waulizwe wao wenyewe wanadhani ni nini kilichotokea, walinganishe mahali pa miche iliyopona na pa iliyokufa, kisha wamwulize mvuvi au mzee anayeijua mikoko. Majibu yao yaandikwe kwa maneno yao. Darasa la gredi ya nne linaloweza kueleza kwa nini jaribio lake halikufaulu limefika mbali kuliko darasa lililopanda miche, likapigwa picha na kurudi nyumbani.

BabaLikoni

Mwalimu, ninakuheshimu, na maelezo yako kuhusu maji yamenipendeza mimi niliyezaliwa ng'ambo hii ya feri. Hata hivyo, naomba nisemee wazazi wanaotaka namba, kwa maana wanazungumziwa kana kwamba hawaelewi elimu ni nini.

Mwanangu yuko gredi ya tano. Muhula uliopita alileta ripoti iliyosema kwamba amefikia matarajio katika Hisabati. Nilipompa shilingi na kumtaka agawanye gharama ya mafuta ya kupikia baina ya nyumba tatu, hakuweza kuanza. Matarajio ya nani aliyoyafikia? Mimi nilifanya KCPE, mtihani wa zamani wa kumaliza darasa la nane, nilijua alama zangu kati ya 500, na nilijua somo lililoniangusha. Simtaki mwanangu alinganishwe na mtoto wa jirani, na habari ya namba moja siihitaji. Ninachotaka ni kuambiwa waziwazi jambo asilolijua, ili nikae naye likizoni nimsaidie. Taarifa inayosifu mikoko kwa kurasa mbili na kunyamazia kugawanya haitanisaidia.

Na jambo jingine linalotuchosha ni gharama. Karatasi za manila, gundi, rangi, na picha za kuchapishwa saiba saa mbili za usiku kwa sababu mtoto amekumbuka kulala kunapokaribia. Mzazi mwenye watoto watatu shuleni ataionaje shughuli nyingine mpya kuwa neema?

Ustadh_Majengo

Ndugu wa Likoni amesema jambo zito, nami naona tunalo jibu lake hapa hapa kwetu. Mzazi anapokuja chuoni, yaani madrasa, kuniuliza habari za mwanawe, hanisomei ripoti wala mimi simsomei. Ninamwita mtoto, anafungua msahafu pale alipofika, anasoma, na baba yake anasikia mwenyewe mahali anapotiririka na mahali anapokwama. Hakuna anayeuliza nafasi yake katika darasa, kwa kuwa kila mtoto yuko katika sura yake. Nashauri kikao cha kufunga shule kifanywe hivyo: badala ya mzazi kukaa kwenye benchi akisikiliza hotuba, akae na mwanawe kwa dakika chache, mtoto afungue faili yake ya kazi na kueleza.

Nina ombi moja kwa walimu wa shule. Watoto wengi hutoka kwenu alasiri wakaja kwetu moja kwa moja, na kazi za nyumbani hufanywa usiku wakiwa wamechoka. Kazi ya kutazama maji au kupima urefu wa mchicha ipangiwe Jumamosi au Jumapili.

Mwalimu_Changamwe

Ndugu wa Likoni, sina la kukupinga kuhusu kugawanya. Viwango vinne tunavyovitumia, yaani kuzidi matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na kuwa chini ya matarajio, havina maana kwa mzazi visipofuatana na jambo lenyewe. Mwalimu anapoandika kwamba mtoto anakaribia matarajio katika Hisabati, aongeze: anagawanya vizuri pasipobaki kitu, bado hajamudu mgawanyo wenye baki. Sentensi hiyo haichukui hata dakika moja kuiandika, na mzazi ataitumia likizo nzima. Darasa likiwa na watoto wengi, kama yalivyo madarasa yetu ya umma, mwalimu ataandika kwa taabu, lakini ni afadhali aandike sentensi moja ya kweli kwa kila mtoto kuliko aya tatu zinazofanana kwa wote.

Pia wazazi wajue kwamba kazi hizi si mchezo hata mbele ya Baraza la Mitihani, yaani KNEC. Tangu KPSEA, tathmini ya kitaifa ya mwisho wa gredi ya sita, ilipofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2022, mpango umekuwa kwamba tathmini za shuleni za gredi ya nne, ya tano na ya sita zichangie asilimia 60 ya matokeo ya mwisho wa shule ya msingi, asilimia 20 kwa kila gredi, na mtihani wenyewe uchangie 40. KCPE, ambayo mimi na wewe tuliizoea na ambayo ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ilimpima mtoto kwa siku chache mwishoni mwa miaka minane. Sasa kupima huanza mapema, na hiyo ndiyo sababu ya kutaka kujua mapema mahali mtoto anapokwama.

Kwa taarifa ya darasa zima, ndugu wa Kisauni, unaweza kutaja ni watoto wangapi wamefika katika kila kiwango kwa ujuzi mmoja mmoja, bila jina la mtoto yeyote. Wazazi watapata namba wanazozitaka, na hakuna mtoto atakayeona haya mbele ya wenzake. Jina na sentensi ya mtoto vibaki kati ya mzazi na mwalimu.

MamaMikindani

Nitasema machache kuhusu gharama. Katika darasa la binti yangu tulikubaliana na mwalimu kwamba vifaa viwe vile vinavyookotwa: vifuu, makuti, kombe za ufuoni, vifuniko vya chupa, maboksi ya dukani. Orodha hutumwa wiki moja kabla, si jioni ya kuamkia siku yenyewe. Tangu hapo hata wazazi waliokuwa wakilalamika wameanza kuuliza watoto wanajifunza nini. Huko Kisauni mnaweza kulileta pendekezo hilo katika kikao hicho hicho.

Na usisahau ule usomaji wa Ijumaa, kwa sababu mtoto asiyesoma vizuri atakwama katika masomo yote. Mwombe mwalimu amsikilize kila mtoto akisoma kifungu kimoja asichowahi kukiona, kisha amwulize maswali mawili kuhusu alichokisoma. Wapo watoto wanaotamka kila neno sawasawa na wasijue hadithi ilihusu nini, na wapo wanaosoma polepole lakini wameelewa yote. Taarifa iwataje wote wawili, kwa sababu msaada wanaouhitaji haufanani.

MzaziKisauni

Nawashukuru sana nyote. Nimezungumza na mwalimu wa darasa leo mchana, na tumekubaliana kuyapanga upya yale tuliyokuwa tumeandika. Taarifa itaanza na jedwali la maji, ifuate miche, kisha usomaji, na matembezi ya Fort Jesus yatachukua aya moja yenye zile hesabu za miaka. Bustani ya magunia tutaitaja kwa ufupi, kwa kuwa mchicha ulistawi na kuliwa lakini hakuna aliyeandika vipimo vyake. Kwa upande wa Hisabati, mwalimu amekubali kueleza wazi kwamba darasa limemudu kujumlisha muda na kupima urefu, na kwamba mgawanyo wenye baki bado ni tatizo kwa watoto wengi na utarudiwa mwanzoni mwa muhula ujao. Ndugu wa Likoni, hilo limetokana na maneno yako.

Kuhusu miche, watoto waliulizwa asubuhi hii. Wengi wamesema iliyopona ni ile iliyokuwa nyuma, karibu na miti mikubwa, na mmoja amesema ile ya mbele ilikuwa ikifunikwa na maji hata walipokuwa wakiipanda. Mwalimu atamwalika mvuvi mmoja jirani wa shule aje kuzungumza nao kabla ya kufunga.

Pendekezo la Ustadh la kumkalisha mzazi na mwanawe limekubaliwa pia, ila itabidi tugawanye wazazi katika makundi mawili, la asubuhi na la baada ya sala ya adhuhuri, kwa sababu darasa ni dogo na madawati hayatoshi. Nikimaliza rasimu nitaiweka hapa Jumatano jioni, na ninakuomba, Mwalimu wa Changamwe, uipitie kabla haijachapishwa.