Waliotusafishia jedwali la wanachama wamefuta wakulima, marudio wameyaacha

Wakuu, mnivumilie, nina hasira.

Sisi ni chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku huku Sikonge, Tabora. Jedwali letu la wanachama lilikuwa na marudio, hilo sibishi: mtu kaandikwa simu ikianza na 0, kaja kuandikwa tena ikianza na 255, kadi ya uanachama ile ile. Tukawaomba waliotuuzia mfumo wayaondoe. Basi.

Unajua walichofanya? Wamepiga GROUP BY kwa namba ya simu, yaani wenye namba moja wakawekwa kundi moja, kila kundi wakabakiza mstari wenye id (namba ya mstari kwenye jedwali) ndogo kuliko yote, mingine yote DELETE, ikafutwa. Kwa namba ya simu! Namba ya kadi ipo pale pale wanaiona! Huku kwetu simu moja ni ya nyumba nzima. Baba, mama, Kulwa na Doto, wote wameandikisha namba hiyo hiyo na kila mmoja ana shamba lake. Kabaki baba.

Hapo bado. Wazee wasio na simu, kolamu yao ni NULL, yaani tupu, na GROUP BY huziweka NULL zote kundi moja. Kwa hiyo wazee wetu wote wasio na simu wamegeuka mtu mmoja! Kasalimika mmoja tu, aliyeandikwa mapema kuliko wenzake. Na wale wa 0 na 255, ambao ndio kazi tuliyowapa? Wapo wawili wawili kama walivyokuwa, maana kwa kompyuta, hizo ni namba tofauti.

Tena mfumo waliujenga wao wenyewe na ON DELETE CASCADE, yaani ukifuta kitu, vyote vilivyofungwa nacho vinafutika, hivyo mwanachama akifutwa anaondoka na marobota yake yote yaliyopimwa. Hawakuanza na SELECT, amri ya kutazama tu, waone nani anafutwa. Hawakufungua BEGIN ili mambo yakiharibika wapige ROLLBACK, kila kitu kirudi kilivyokuwa. Bakapu ndiyo usiulize. Ankara sasa, hiyo imefika mapema, eti "usafishaji wa data".

Wao wako Dar. Anayesimama dirishani kumwambia bibi wa watu "jina lako halimo kwenye mfumo", naye kadi kaishika mkononi, ni mimi.

Madaftari ya mzani tunayo, tutaingiza upya kwa mkono. Ninachouliza wadau: hii ankara tuilipe, au tuwadai sisi? Anayekuja kuwatetea kwamba "vijana bado wanajifunza" apite kimya kimya.