Tangu lini kuchora bahari Mombasa kunataka ruhusa ya bawabu?

Wadau, nina hasira na sitaficha. Sisi tunaochora nje kwa rangi za mafuta tumegeuzwa wezi katika mji wetu wenyewe. Weka stendi yako mchangani upande wa Nyali uone. Hata hujafungua tyubu ya kwanza, askari wa hoteli keshafika na rungu: "Mzee, hapa hapachorwi." Kwa nini? "Amri ya wakubwa." Imeandikwa wapi? Hajui. Na hapo hapo ubavuni pake wageni wanapiga picha za simu wapendavyo, hakuna anayewauliza kitu.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Kifungu cha 33 kinataja waziwazi uhuru wa ubunifu wa sanaa. Mimi husimama kwenye mchanga uliolowa, chini ya ule mstari wa mwani uliotupwa na maji ya usiku. Mwani ule unaonyesha maji yamefika wapi. Hoteli haina hata shubiri moja pale.

Juzi ilikuwa bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kupita kawaida. Maji yanatoka, mwamba unaanza kujitokeza, ndani ya mwamba bahari ya rangi ya feruzi, nje yake buluu nzito, na katikati ukanda mweupe wa mawimbi. Asubuhi kama hiyo haingoji mtu. Mombasa tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, jua likichomoza linapanda wima. Ikifika saa mbili u nusu vivuli vya minazi vimeshafupika na rangi zimepauka. Nikatolewa kazi ikiwa nusu. Si kwa maneno tu: yule askari akaishika kanvasi usoni, dole gumba likazama kwenye anga mpaka kitambaa kikaonekana.

Kwa wasiojua, rangi ya mafuta haikauki kama rangi ya maji. Mafuta ya mbegu za kitani huvuta oksijeni ya hewani kidogo kidogo ndipo yagande, na nyeupe ya titani, ambayo kwenye anga inaingia kila mahali, huweza kukaa siku kadhaa ingali mbichi. Picha mbichi haikunjwi, hailazwi juu ya nyenzake, haiguswi usoni. Kwa zile fujo ikaanguka, na kaskazi ikaipaka mchanga. Chembe za mchanga ukizitoa zinaondoka na rangi. Kazi imekwenda hiyo, na hakuna aliyesema hata samahani.

Mji wa Kale nako, karibu na Fort Jesus, jamaa mwenye kitambulisho shingoni alinidai ada ya kupiga filamu. Filamu, kwa brashi! Nilipotaka risiti akasema zimeisha.

Na tafadhali msije hapa kuniambia nipige picha ya simu nikamalizie nyumbani. Simu ikilipata jua la pwani, kivuli inakifanya cheusi na anga inalichoma jeupe. Kivuli cha dau juu ya mchanga ule kina zambarau ndani yake, na utaiona ukiwa umesimama pale. Tyubu ya bati aliyoipatia hataza mchoraji Mmarekani John Goffe Rand mwaka 1841 ndiyo iliyowarahisishia wachoraji kutoka na rangi zao za mafuta wakachore nje. Leo, mwaka huu, bawabu anaturudisha ndani.

Ninachotaka ni hiki. Anayetukataza alete katazo kwa maandishi, lenye muhuri na jina la ofisi. Na wewe uliyefukuzwa, andika hapa chini ni ufuo upi, saa ngapi, na uliambiwa nini hasa. Orodha ikijaa, nitaichapisha na kuipeleka kaunti mwenyewe, na ile kanvasi yenye dole gumba nitakwenda nayo.