Taa za ajabu angani: nani athibitishe, anayedai au anayekanusha?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Haupiti muda mrefu bila video ya simu kuzungushwa kwenye magrupu: taa nyingi zimejipanga mstari mmoja, zinapita kimya angani kama msafara wa siafu, na sauti nyuma ya kamera inasema "hawa si binadamu." Chini yake watu wanagawanyika. Kundi moja linasema ni viumbe wa sayari nyingine na serikali zinaficha. Kundi la pili linajibu neno moja, "Starlink," linacheka, linaondoka.

Kwa mstari wa taa, kundi la pili kwa kawaida liko sahihi. Tarehe 24 Mei 2019 kampuni ya SpaceX ya Marekani ilirusha setilaiti 60 za Starlink, mtandao wake wa intaneti, kwa mkupuo, na usiku uliofuata huko Uholanzi watu wakaanza kuripoti vyombo visivyotambulika. Leo setilaiti hizo zimepita 7,000. Siku za mwanzo zinakuwa chini na zimekaribiana, ndiyo maana unauona mstari. Baadaye zinapanda hadi kama kilomita 550 na kutawanyika. Hazina taa. Ni mwanga wa jua unaorudi kutoka kwenye mabati na paneli zake, maana jua likishazama kwetu huku chini, kule juu bado linawaka. Na ile "ilizimika ghafla katikati ya anga" ndiyo hiyohiyo: imeingia kwenye kivuli cha Dunia.

Hoja yangu ni nyingine. Anayedai ameona kitu atoe tarehe, saa, mahali na upande. Na anayekanusha naye afungue programu ya kufuatilia setilaiti, aseme ni ipi iliyopita hapo saa hiyo. Asipofanya hivyo, na yeye anabahatisha, sema tu anabahatisha kwa kujiamini. Mnasemaje?

Mwalimu wa Fizikia

Sikubaliani na kugawana mzigo nusu kwa nusu. Anayedai ndiye athibitishe. Nikisema kuna simba uani kwangu, si kazi ya jirani kuja kuthibitisha kwamba hayupo.

Mleta mada

Mwalimu, jirani halazimiki. Ila akisema "ni paka," hapo na yeye ameshatoa dai.

Baharia Mstaafu

Vijana, shikamooni hamtoi siku hizi, haya. Mimi nimekula chumvi ya bahari tangu ujana na nyota nazijua kwa majina. Setilaiti nimeziona nyingi. Inakwenda mwendo mmoja, haipindi, haisimami. Nilichokiona mimi kilikuwa chini kabisa, karibu na upeo wa macho, upande wa magharibi. Kinawaka, kinasogea, kinafifia, halafu kinawaka tena kule nyuma kilikotoka. Mara nyingi tu. Setilaiti gani inarudi nyuma?

Mwalimu wa Fizikia

Shikamoo mzee. Hiyo inajulikana. Kuanzia 2022 marubani wa ndege za abiria waliripoti kitu hichohicho, taa zinazozunguka kama zinafukuzana, na ilipochunguzwa zikaonekana ni Starlink. Si moja inayorudi. Kuna eneo dogo la anga, juu ya pale jua lilipojificha chini ya upeo, ambamo setilaiti ikipita inamulika vikali kwa sekunde chache. Inapita ya kwanza, inafifia. Inaingia ya pili palepale ilipoanzia ya kwanza. Macho yanasema ni kitu kimoja kimerudi. Kesi yako imekwisha mzee.

Baharia Mstaafu

Marubani wana maelfu ya saa angani. Nao hawajui wanachokiona?

Mwalimu wa Fizikia

Uzoefu wa kuendesha ndege ni kitu kimoja, kukadiria umbali wa nukta ya mwanga gizani ni kingine. Nukta haina ukubwa, na kitu usichojua ukubwa wake huwezi kujua kiko mbali kiasi gani, uwe rubani au muuza maandazi. Tarehe 3 Machi 1968 mabaki ya roketi iliyorusha chombo cha Kisovieti Zond 4 yaliungua yakikatiza juu ya majimbo kadhaa ya Marekani. Wengi walisema waliona vipande vya moto, na ndivyo ilivyokuwa. Lakini wapo walioapa kuwa waliona chombo kimoja kirefu chenye madirisha yanayowaka. Hawakuwa waongo. Akili ikiona nukta kadhaa zinakwenda pamoja kwenye giza, inazijazia mwili katikati.

Mtu wa Makueni

Nyinyi mnabishana juu ya taa. Sisi kitu kilianguka. Tarehe 30 Desemba 2024, kijiji cha Mukuku, pete ya chuma ya upana wa mita 2.5 hivi na uzito wa karibu kilo 500. Shirika la Anga la Kenya likaja, likasema ni kipande cha roketi. Sasa wale walioogopa siku hiyo walikuwa washamba? Mtu akiona kitu juu akaogopa, msimcheke. Mzigo wa kuthibitisha uwe kwa hao wanaorusha: watangaze mapema kitapita wapi na kitaanguka lini. Si sisi tuliowatuma.

Mleta mada

Hiyo hoja ina uzito, ndugu yangu, ingawa kitu kinachoanguka bila kuongozwa hata wao hawawezi kutaja kijiji. Ratiba za setilaiti zinazofanya kazi, hizo zipo wazi kwa mwenye simu.

Mfuatiliaji

Mbona mnakwepa Zimbabwe? Tarehe 16 Septemba 1994, watoto 62 wa shule ya Ariel kule Ruwa, saa za mchana, walisema waliona chombo na viumbe. Mchana kweupe. Leteni Starlink yenu.

Mwalimu wa Fizikia

Siku mbili kabla, usiku wa tarehe 14, sehemu ya roketi aina ya Zenit iliyorushwa na Urusi iliungua ikirudi angahewani juu ya kusini mwa Afrika. Watu wengi waliiona, redio zikawaka habari za vyombo vya ajabu. Basi.

Mleta mada

"Basi" ya nini, Mwalimu? Hapa ndipo ninapogombana na kundi lako. Roketi inaeleza taa za tarehe 14. Haielezi kilichotokea uwanjani tarehe 16, saa za mapumziko, jua likiwa juu. Unaweza kusema watoto walikuwa wamesikia habari hizo nyumbani, na kwamba walihojiwa baada ya kuwa wamekwisha zungumza wao kwa wao. Mimi nayaona hayo yana nguvu. Lakini hiyo ni hoja kuhusu watoto na habari, na inatakiwa kutetewa yenyewe. Usiipitishe kwa tiketi ya roketi.

Na wewe Mfuatiliaji, usishangilie. AARO, ofisi ya wizara ya ulinzi ya Marekani inayochunguza vitu visivyotambulika, iliripoti Novemba 2024 kwamba ilipokea taarifa mpya 757 za vitu hivyo. Zilizotengwa kwa uchunguzi zaidi ni 21. Mia nne arobaini na nne ziliwekwa kando kwa kukosa data ya kutosha, na watu wa upande wako wanazihesabu kama ushahidi. Taarifa isiyo na saa wala upande haiwezi kukanushwa, kweli. Haiwezi kuthibitisha chochote pia.

Mfuatiliaji

Na hizo 21?

Mleta mada

Hizo nasubiri kama wewe.

Baharia Mstaafu

Mwalimu, nilikuwa naswali nimerudi. Umesema kesi yangu imekwisha. Hukuniuliza mwaka.

Mwalimu wa Fizikia

Mwaka gani mzee?

Baharia Mstaafu

1987. Tunatoka Comoro tunaelekea Mtwara.

Mleta mada

Hahaha! Mwalimu, Starlink ya 1987?

Mwalimu wa Fizikia

Haya, Starlink imetoka. Lakini sayari Zuhura ikiwa chini magharibi huwa inawaka na kufifia kwenye hewa nzito ya baharini, na ukiikazia macho gizani huku chombo kinayumba, inaonekana inasogea. Mzee, mwezi gani? Zuhura haionekani jioni miezi yote, tunaweza kuangalia.

Baharia Mstaafu

Kaskazi ilikuwa bado inavuma. Mwezi sikumbuki.

Mleta mada

Nahodha hakuandika kwenye daftari la chombo?

Baharia Mstaafu

Aliandika mzigo, upepo na saa ya kufika. Hilo alisema tusiliandike, wenye mali wasije wakadhani tulikuwa tumelewa.