Waridi la zamani lisilo na jina: nalitambuaje?

Tifutifu
Wakuu, salaam. Nina kichaka cha waridi kisicho na kibandiko, kimo mita 1.2 hivi. Kinachanua mara moja kwa mwaka: maua ya zambarau iliyokolea, petali zimesongamana, harufu kali. Matawi yamejaa vimiiba vyembamba, na majani yanakwaruza ukiyapapasa. Nimelinganisha picha nyingi, kila moja inafanana nalo. Nitazame nini? Na mche wa pili naupataje?

MwibaMkavu
Mkuu, weka picha za maua pembeni kwanza. Rangi ya ua hubadilika kwa jua, joto na umri. Miiba, majani na tumba havibadiliki hivyo. Kwa maelezo yako hiyo ni Galika, moja ya makundi ya mawaridi ya zamani kama Damaski, Alba na Sentifolia: kichaka kifupi, vimiiba vya urefu mchanganyiko, jani gumu, ua limesimama wima. Damaski ingekuwa na miiba mikubwa iliyopinda kama ukucha wa paka, majani yenye vinyweleo laini upande wa chini, na vikonyo vilivyolegea. Alba itoe kabisa: majani yake yana ukijivu wa buluu, na maua yake ni meupe au ya pinki. Sentifolia huinamisha kichwa kwa uzito wa petali. Tumba likiwa na manyoya mazito, yanayonata na kunukia msonobari ukiyasugua, ni zile Sentifolia zilizoota manyoya.

Mbebeshaji
Naongezea. Kuchanua mara moja peke yake hakuthibitishi kwamba ni la zamani. Kipimo kinachotumika ni kundi la waridi kuwepo kabla ya 1867, mwaka ilipotoka 'La France', inayohesabiwa waridi la kwanza la kisasa. Tena mawaridi mengi hubebeshwa, yaani huungwa juu ya shina la waridi jingine. La juu likifa, shina la chini huchipua na kuchukua nafasi. Tazama vile vijani viwili vilivyogandana na kikonyo cha jani: vikiwa na nyuzinyuzi pembeni kama kitana, fikiria Rosa multiflora, waridi linalotumika kama shina la chini. 'Dr. Huey', shina la chini jingine, nalo hutoa maua mekundu ya kiza yenye petali chache. Fukua udongo shinani: ukikuta uvimbe wa pale lilipoungwa, machipukizi yanayotoka chini yake si ya waridi unalolitafuta.

Tifutifu
Nimefukua, hakuna uvimbe. Machipukizi yanatokeza hadi nusu mita mbali na shina.

MwibaMkavu
Basi linaishi kwa mizizi yake, na mche umeshaupata. Subiri kichaka kipumzike, chagua chipukizi lenye mizizi yake, likate kwa koleo kali, lifupishe hadi sentimita 20 na ulipande palepale kabla mizizi haijakauka. Vipandikizi vya matawi ya Galika ni vikaidi: hutoa majani kwa akiba iliyo ndani ya tawi, mtu akadhani kimeshika, kumbe chini hakuna mzizi. Ukijaribu, kata sentimita 15 hadi 20 chini kidogo ya kifundo, acha majani mawili ya juu, chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, funika kwa chupa angavu kivulini. Mchanga ukilowa mno, tawi huanza kuwa jeusi kutoka chini.

Kupogoa ni mara tu maua yakiisha. Ukichelewa unakata matawi ya maua ya mwaka ujao.

Mbebeshaji
Kuhusu jina: ua likifunguka bapa, petali zimegawanyika mafungu kama limekatwa kwa kisu, lilinganishe na Galika iitwayo 'Charles de Mills'. 'Officinalis', Galika nyingine, haiwezekani, petali zake ni chache na stameni za manjano zinaonekana wazi. Lisipolingana, andika "Galika, jina halijulikani" pamoja na mahali lilipotoka. Jina la kubahatisha husafiri na kila mche utakaogawa, na kulifuta baadaye ni kazi ngumu.