Kukosa cheti si kutojua muziki! Mnaochuja wapiga ala za asili hapa Kigoma mnatuumiza

Wakuu, nina hasira leo na sitapanga maneno, mnivumilie.

Juzi kulikuwa na mchujo wa wapigaji wa ala za asili hapa Kigoma mjini. Waandaaji siwataji, wenyewe watajijua wakisoma. Nimekwenda na inanga yangu, ala ya nyuzi ya Waha wa huku Kigoma, kabla hata sijaketi napewa fomu. Kuna sehemu inauliza chuo ulichosomea muziki, mwaka uliohitimu, na uambatishe nakala ya cheti. Nikaandika ukweli: nimejifunza kwa wazee, Kasulu na Buhigwe, na mwenyewe kwa kusikiliza. Dada aliyekuwa anapokea fomu akasoma, akaniambia, "Kaka, hapa umeacha wazi." Sijaacha wazi! Nimejaza mistari miwili!

Ndani ndiko nilikochefukwa zaidi. Jaji mmoja aliweka simu mezani, akafungua programu ile ya kupimia gitaa, akaniambia nipige uzi mmoja mmoja. Kila uzi mshale unakataa kukaa katikati. Akawageukia wenzake, "Hii haijatuniwa." Kisha akanitaka nikaze nyuzi zifuate kinanda ili siku ya tamasha nipige na bendi.

Jamani! Inanga ni ubao mrefu uliochimbwa katikati, na juu yake kuna uzi mmoja tu, unapitishwa kwenda na kurudi kwenye meno ya ncha mbili mpaka zinapatikana nyuzi saba, nane au zaidi. Zamani ilikuwa mishipa ya ng'ombe. Mimi natumia mshipi wa nailoni wa wavuvi, naununua Kibirizi. Kwa kuwa ni uzi ule ule mmoja, ukivuta hapa na wa jirani unasogea. Huwezi kuipanga kwa kupima uzi mmoja peke yake na kuusahau. Unazipanga zisikilizane zenyewe kwa zenyewe, halafu zisikilizane na koo la anayeimba. Mwenye sauti nzito anazishusha zote. Ni sauti tano, na nafasi kati ya moja na nyingine hazikutoka kwenye kinanda. Sasa simu ya kupimia gitaa inahusikaje hapo? Ningekubali kukaza vile, ningekuwa napiga kitu kingine kabisa mbele ya watu na kukiita cha Waha.

Halafu kuna uimbaji wa kunong'ona, ndugu zetu wa Burundi wanaujua sana, na mimi ndio niliouandaa kwa siku ile. Mwimbaji hatoi sauti, ananong'ona tu, nyuzi ndizo zinazobeba wimbo, na sikio lako linaunganisha viwili hivyo mpaka unaapa kwamba jamaa anaimba. Weka gitaa la besi hapo uone kama kuna atakayesikia hata neno moja. Nililieleza hilo kwa adabu. Nikajibiwa kwamba ningekuwa nimesoma muziki ningeelewa umuhimu wa kwenda na bendi.

Sijasoma? Mzee aliyenifundisha Buhigwe hakunipa inanga mwanzoni. Nilikaa pembeni yake, kazi yangu kuangalia vidole. Aliponipa, nikikosea hasemi kwamba nimekosea. Ananyoosha mikono, anaichukua, anakipiga kile kipande tena tangu mwanzo, ananirudishia. Jioni nzima mnaweza kushinda kwenye kipande kimoja. Siku ukikipata pia hasifu, anaanza tu kuimba juu yake, na hapo ndipo unajua umefika. Nikirudi nyumbani naweka rekodi yake kwenye simu, napunguza kasi, natenganisha vidole viwili vinavyopishana, narudia mpaka mke wangu anaomba nihamie uani. Kuna kipande kimoja kilinila masika nzima. Hiyo ni shule! Ina mwalimu, ina zoezi, ina mtihani, na mtihani wake huwezi kuuibia, maana unapiga mbele ya wazee ambao wimbo huo waliusikia kwa babu zao.

Na msinijibu "nenda Bagamoyo ukasome". Chuo cha sanaa cha Bagamoyo nakiheshimu. Lakini kumbukeni marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki Mgogo wa Dodoma, zeze na marimba yake aliyatoa nyumbani, na chuo hicho hicho kikamchukua awe mwalimu. Walijua elimu ilipo, wakaifuata. Nyinyi mmekaa nayo mkoa mmoja mnaifungia mlango kwa sababu haina muhuri. Na mtu wa Kakonko avuke nchi nzima, zaidi ya kilomita 1,200, alipe ada na chumba, ili aje aruhusiwe kupiga ala ambayo wajuzi wake wako Kakonko, Kibondo, Kasulu na Buhigwe? Hata kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kumekuwa na Warundi wa kukukalisha chini wakakufundisha.

Kinachoniuma kuliko la kwangu ni hiki: yule mzee wangu naye hana cheti. Kwa fomu ile, yeye mwenyewe angeondolewa mlangoni. Vijana wanaona. Wapo wawili mtaani kwetu walikuwa wameanza kuja kwangu jioni, na mmoja ameshaniuliza kama kuna faida kuendelea na kitu ambacho serikali haikitambui. Nimemwambia si serikali, ni watu wachache na fomu yao. Sijui kama amenielewa.

Ninachotaka si upendeleo. Toeni hicho kipengele cha cheti, wekeni "umejifunza kwa nani", na mumpigie simu huyo aliyetajwa. Mezani kaeni na angalau mtu mmoja anayepiga ala inayosikilizwa, awe mkulima, awe mvuvi, sawa tu. Na ala ya asili isikilizwe kwa mpango wake yenyewe. Bendi ipewe muda wake.

Nasikia mchujo wa Kasulu na Kibondo bado. Wenye ndugu huko, waambieni fomu waipige picha kabla ya kuikabidhi, na wakiambiwa wakaze nyuzi zifuate kinanda wakatae. Na humu ndani, kama uliwahi kukataliwa kwa sababu hii, uwe Tabora, Katavi au popote, andika hapa chini ulipiga ala gani na uliambiwa nini. Majina ya watu msiweke. Nataka tukusanye, tupeleke barua moja yenye sahihi za wengi kwa ofisi ya utamaduni ya mkoa.