Mjadala: Kazi za shule kupitia WhatsApp zisitishwe?

Wadau, naomba hili tulijadili bila kuoneana haya. Sekondari nyingi za kutwa hapa Dar mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu. Akikutwa nayo, ni kesi ya mzazi kuitwa. Lakini ikifika saa mbili usiku, shule hiyo hiyo inatuma maswali kwenye grupu la wazazi, na asubuhi daftari linakaguliwa.

Mtoto wa dada yangu yuko kidato cha pili, Mbagala. Simu janja nyumbani ni moja, ya mama yake, ambaye anauza samaki wa kukaanga kituoni na kurudi saa tatu na nusu. Jumanne iliyopita nilikuwepo. Bando lilikuwa limeisha, tukaunga la mia tano. Picha ya maswali ya Fizikia ilipofunguka, kivuli cha mkono wa aliyepiga kimeangukia swali la nne, halisomeki. Binti anaivuta picha kwa vidole viwili, anaandika mstari, kioo kinazima, anakiwasha tena. Alimaliza saa tano. Saa kumi alfajiri dada anaamka kwenda Feri kununua samaki, simu haina chaji. Na swali la nne binti aliadhibiwa.

Kwenye shule hii grupu lilianza 2020, shule zilipofungwa Machi kwa sababu ya Corona. Wakati ule sawa, hapakuwa na njia. Lakini shule zilifunguliwa tarehe 29 Juni mwaka ule ule, dharura ikageuka utaratibu.

Sipingi TEHAMA hata kidogo. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 walikabidhiwa walimu. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada. Shule ninayoisema ina chumba cha kompyuta, mashine zimefunikwa vitambaa, kufuli mlangoni. Vifaa vipo, tena upande wa shule. Kwa nini basi gharama ya bando na chaji aibebe muuza samaki?

Hoja yangu: chumba kile kifunguliwe baada ya vipindi hadi saa kumi na mbili, kazi ifanyike pale, mwalimu mmoja akiwa zamu na alipwe posho. Mpaka hapo, maswali yaandikwe ubaoni.

Najua mtasema watoto wa kike watachelewa daladala na kufika nyumbani giza. Hilo linanisumbua kweli, na sina jibu zuri zaidi ya Jumamosi asubuhi. Luku nayo mtaitaja. Ila wanaosema turuhusu tu kila mtoto aje na simu yake darasani, hapo siwaungi mkono: asiyenayo atajulikana siku ya kwanza.

Walimu mnaosoma hapa, ufunguo wa chumba cha kompyuta shuleni kwenu anakaa nao nani, na mara ya mwisho kilifunguliwa lini?