Kozi wadogo makundi kwa makundi baada ya mvua, ni akina nani hawa? Na kwenu wageni gani wameshafika?

Mkonge_Voi:
Habari za jioni wapenzi wa ndege. Huku Voi vuli imeanza kushuka vizuri na jana kumbikumbi wakatoka kwa wingi, sasa mida ya saa kumi na moja jioni nikaona kundi la kozi wadogo, si chini ya 60, wanazunguka juu ya mkonge wanadaka kumbikumbi hewani kwa miguu alafu wanainamisha kichwa wanakula hukohuko juu bila kutua. Wengine rangi ya majivu iliyokolea, wengine tumbo jeupe lenye madoa. Mmoja akakata kona karibu yangu nikaona chini ya bawa mbele ni nyeupe pe na nyuma ni nyeusi, miguu rangi ya chungwa. Leo asubuhi nimerudi na darubini, hakuna hata mmoja!! Ni kozi gani hawa na wameenda wapi? Na pia tuambiane kila mtu kwake ameona nini, maana hapa kwangu mbayuwayu walitangulia mapema tu, baadaye kukawa kimya.

Kozi_wa_Mlimani:
Kaka hapo kwenye bawa umeshamaliza kazi. Ni kozi wa Amur, Falco amurensis. Dume ndiye mwenye hiyo nyeupe chini ya bawa. Ana jamaa yake Falco vespertinus ambaye dume wake bawa lote ni la giza, lakini huyo kwetu ni nadra sana, yeye hupitia zaidi magharibi huko akielekea kusini mwa Afrika. Hao wa tumbo jeupe lenye madoa ni majike, ukipata mwanga mzuri utaona mapaja yao yana rangi ya kahawia hafifu.

Wanaosumbua ni vijana wa mwaka huu, kwa sababu wanafanana sana na Falco subbuteo ambaye naye anakuja na mvua hizihizi. Tazama miguu: wa Amur ni ya chungwa, subbuteo ni ya njano, na subbuteo mkubwa ana sharubu nyeusi nzito shavuni na mapaja mekundu. Na ukiona ndani ya kundi kuna dume mwenye mgongo rangi ya matofali usio na doa hata moja na kichwa cha kijivu, huyo ni Falco naumanni, wanachanganyika sana hawa kwenye kumbikumbi.

Wameenda wapi? Wamefuata mvua. Kumbikumbi wakishamwaga mabawa hakuna tena cha kula hewani, na hawa ndege hawana sababu ya kulala njaa wakati wingu jingine liko mbele. Watu wengi wanashika kalenda, "Novemba tarehe fulani wanafika", mimi nakwambia shika mvua. Mwaka wa ukame watapita juu kabisa hutawaona, na vuli ikiwa nzito unaweza kupata mamia sehemu moja.

Mama_Kerengende:
Naongezea hapo maana hawa ndege nawapenda kupita kiasi. Wanazaliana Siberia ya mashariki, Mongolia na kaskazini mwa China, kisha Oktoba na Novemba wanakusanyika Nagaland kaskazini mashariki mwa India, na huko nako wanakula kumbikumbi. Mwaka 2012 picha zilitoka za ndege hawa wakinaswa kwa nyavu kwa maelfu pale bwawa la Doyang, iliumiza sana, lakini wanavijiji wenyewe wakakubali kuacha na mwaka 2013 baadhi ya kozi wakafungwa vifaa vya setilaiti. Ndio tukaona vizuri njia yao, wanakata India, wanaingia Bahari ya Arabu, na hapo hakuna kutua mpaka pwani ya Somalia. Kozi ambaye hafiki hata gramu 200!

Wanakula nini baharini? Hapa ndipo kereng'ende wanapoingia. Kuna yule wa njano Pantala flavescens, mtamjua, ndiye anayejaa juu ya nyasi mvua ikikaribia. Charles Anderson, mtaalamu wa viumbe aliyeishi Maldives, aliandika mwaka 2009 kwamba kereng'ende hawa wanavuka bahari kutoka India kwa upepo wa msimu huuhuu, na kozi wanapita wakati mmoja nao. Kwa hiyo Mkonge siku ukiona kereng'ende wengi ghafla, inua kichwa juu.

Sululu_Mida:
Salaam kutoka pwani. Mida Creek sasa hivi ni raha tupu. Maji yakianza kupwa vitwitwi wanajaa kwenye tope, nimepata Calidris ferruginea wa kutosha, wameshavaa kijivu, ile nyekundu ya kiangazi imeisha kabisa. Xenus cinereus nao wapo, yule mwenye mdomo uliopinda kwenda juu anayekimbia kama amechelewa.

Lakini wa kwangu ni mla kaa, Dromas ardeola, mweupe na mweusi mwenye domo nene. Anatoka kuzalia kwenye visiwa na fukwe za Bahari ya Shamu na Ghuba, anachimba shimo mchangani anataga yai moja tu. Jana nimekaa kwenye daraja la mbao nikamwangalia mmoja na kinda wake, mzazi ametoa kaa kwenye tope, akampigapiga mpaka magando yakatoka, na yule kinda amekuja amejikunja shingo analialia mpaka akapewa. Kinda mwenyewe ana kimo kuwapita vitwitwi wote pale, ameshavuka bahari kwa mabawa yake na bado analishwa! Ndege wa pwani wengi makinda yao yanajitafutia tangu siku ya kwanza, huyu mwenzetu analea mpaka ugenini.

Upande wa kozi, wiki hii nimeona Falco concolor, kijivu kitupu, akipita chini chini juu ya mikoko kuelekea kusini. Huyo hakai, safari yake ni Madagaska.

Binti_wa_Tsavo:
@Sululu_Mida huyo kinda umenifurahisha.

Huku Tsavo Magharibi sisi tunasubiri usiku wa ukungu usio na mwezi. Kwa wasiojua, pale Ngulia lodge iko juu kwenye ukingo wa mlima, na ndege wanaosafiri usiku wakiingia kwenye ukungu wanapotea njia wanavutwa na taa za lodge. Tangu mwaka 1969 watu wanawanasa hapo kwa nyavu laini, wanawavika pete mguuni, wanawapima na kuwaachia, na pete za hapo zimekuja kuonekana mpaka Mashariki ya Kati, Ulaya na Urusi. Wengi ni wadogo wa kahawia ambao mtu angepita bila kuwatazama, Acrocephalus palustris, Luscinia luscinia na Sylvia communis.

Huyo palustris naomba mumheshimu. Akiondoka Ulaya anakaa kwanza Ethiopia na Sudan, vuli ikiiva ndio anashuka kwetu. Na wimbo wake ni wa kuiga, dume mmoja anaiga sauti za aina 70 na zaidi, na zaidi ya nusu ni za ndege wa Afrika aliowasikia njiani na huku anakokaa. Yaani mtu yuko Ubelgiji mwezi wa sita anasikiliza sauti za ndege wa kwetu kutoka kichakani.

Mzee_Kambu:
Mkonge mwanangu, kuhusu mbayuwayu usihangaike. Wale wa mwanzo walikuwa wapitaji, wengine wanakuja na wataganda hapo kama wadudu wapo. Waangalie mabawa, wengi wanabadilisha manyoya wakiwa huku na utaona mapengo. Walio magharibi, Kakamega na Kisumu, chungeni kuna mbayuwayu wa Angola ambaye ni mwenyeji: wekundu wa koo unashuka hadi kifuani na mkanda wake mweusi ni mwembamba umekatika, wa Ulaya mkanda ni mpana na mzima.

Na andika hiyo jioni yako kwenye Kenya Bird Map, ule mradi wa ramani ya ndege wa Kenya unaogawa nchi kwa visanduku. Kile kisanduku chako ni kama kilomita 9 kwa 9, ukikaa humo angalau saa mbili ukaorodhesha kila ndege unayemtambua inahesabika orodha kamili, hata kunguru na shomoro waweke. Na ile asubuhi uliyokuta patupu iandike vilevile, ndiyo inayotuonyesha siku waliyoondoka.

Mkonge_Voi:
Shikamoo mzee, na asanteni wote, nimejifunza mengi kwa jioni moja. Nimerudi tena leo, dume mmoja tu kwenye waya wa stima, nimemsogelea hadi nikaona pete ya chungwa kuzunguka jicho na manyoya ya chini ya mkia rangi ya kutu. Ni yeye kabisa. Nimeandika vyote, na ile asubuhi tupu pia. Mvua hapa imekata, wingu limeelekea Taveta na Tanzania.

Same_Birder:
Wakuu habari, mimi niko Same upande wa pili wa mpaka. Mvua kubwa imepiga huku Mkomazi jana usiku, kumbikumbi wametoka alfajiri na kozi wapo wengi tangu saa moja, madume nyeupe chini ya bawa kama alivyosema jamaa wa Voi. Naendelea kuhesabu, sasa hivi nimefika 140 na wanazidi kuingia kutoka kaskazini. Nikimaliza naweka idadi hapa, na walioko Korogwe na Handeni mkae tayari maana wingu linashuka huko.